Rais Aliyefia kwa Kina Pendo

Juzi runinga ilionyesha tamthilia ya rais wa zamani aliyepigwa risasi garini, na wivu wa mchana mmoja wa utotoni, kule kijijini kwetu Murangi, ukanirudia mzima mzima.

Baba yake Pendo, jirani yetu, aliuza sangara kiwandani, akanunua runinga, deki ya video na jenereta. Tulijazana uani kwao, katika harufu ya petroli na dagaa walioanikwa. Mchana huo waliweka mkanda wa filamu ya rais; alipouawa, bibi yangu aliinuka, akaenda nyumbani, akarudi na unga kichwani na kuni kwapani, kama tunavyopelekaga msibani.

"Pole, mwanangu," alimwambia mama Pendo. "Huyu mtu alikuwaga mzuri."

Mama Pendo hakucheka. Alipokea unga, akatandika mkeka, na wanawake wakakaa chini pamoja na bibi.

Sikujua kwamba ni maigizo. Niliona tu kwamba Pendo ana runinga, ana viatu, na sasa ana msiba mkubwa, na bibi yangu mwenyewe anamlilia mtu wao. Kwetu alikuwa amekufa mbuzi tu.

Basi juzi, rais alipofia sebuleni kwangu, nilijikuta nautazama mlango. Hakuna aliyeleta unga.