Konokono wa Mpwa Wangu

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani, na mdomo wake haujui kupumzika. Ukiingia tu mlangoni anajua kiuno kimeongezeka kiasi gani, na atakwambia mbele ya wateja bila kupepesa macho. Binti yake alipofariki, alikaa kimya miezi mitatu.

Binti alimwachia tangi la kioo la samaki, kando ya cherehani. Samaki walikufa mmoja mmoja, yakabaki majani aliyoyatoa mwenyewe kijitoni. Siku moja nikapigiwa simu.

"Kaka, kuna konokono! Wadogo kama punje za mtama, wanatambaa kwenye kioo. Wametoka kwenye majani ya mwanangu hawa. Niambie wanaitwaje, nijue ninalea nini."

Alikuwa anacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu mazishi.

Mimi nimefanya kazi maabara miaka thelathini, nikichambua konokono wa kichocho. Nikamwelekeza: waache wakue, kisha mshike mmoja, ncha ya gamba iwe juu na tundu likuelekee, upige picha. Tundu likiwa kulia, hana ugonjwa huo. Likiwa kushoto, kuna neno. Baada ya wiki kadhaa picha ikaja. Kushoto.

Sikuuliza zaidi. Mjuaji haulizi.

"Wamwagie maji ya moto," nikamwambia. "Wote, pamoja na majani."

"Wote, kaka? Nisibakize hata mmoja?"

"Wote. Mimi ndiye ninayewajua."

Akaenda kuchemsha maji, akawamwagia kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikuwa nafuta picha kwenye simu, nikaiona tena ile. Nyuma ya konokono ilionekana tepu ya kupimia nguo shingoni mwake, na namba zake zote zimegeuka kinyume. Hapo nikakumbuka kwamba kamera ya nyuma ya simu yake ilikuwa imevunjika. Alikuwa ametumia ile ya mbele, inayogeuza kulia kuwa kushoto kama kioo cha kujitazamia. Walikuwa konokono wa kawaida tu, wasio na kosa. Na hata wangekuwa wale wa kichocho, kwa kuwa walizaliwa ndani ya tangi lile, lisiloingia mkojo wala kinyesi cha mgonjwa wa kuwaambukiza, wasingemdhuru mtu. Hilo nalo nililijua siku ile, nikalipuuza kwa kiburi cha kazi.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kumwambia. Alikuwa anapinda suruali. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani, nami niliona aibu mpaka nikatamani anitukane. Hakunitukana.

"Waliumia?" akauliza.

Nimeua maelfu yao na sijawahi kujiuliza hivyo. Lakini swali lenyewe nilishalisikia, hospitali, alipomwuliza daktari habari za mwanawe, nami nimesimama kando yake. Daktari alijibu upesi, hapana.

Nami nikajibu upesi, "Hapana."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kushona.