Mwanafunzi Wangu Aliyechimba Barabara

Nilifundisha shule ya msingi miaka sita kabla sijawa muongo wa kulipwa. Nasema hivyo makusudi, maana nimechoka kuitwa mtaalamu. Wakimbizi walipoingia Ngara, na mashirika yakafuata nyuma yao na magari meupe, walimu wengi tuliacha chaki. Wengine wakawa watunza ghala, wengine wakalinda mageti. Mimi nilijua Kihangaza, lugha ya wenyeji, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuandikia barua za serikali, basi nikafanywa mwezeshaji. Nilizunguka vijiji vya wenyeji, hasa upande wa Kasulo, nikifundisha vikundi vya akina mama namna ya kutatua matatizo ya biashara zao.

Hatua zilikuwa saba. Tambua tatizo, tafuta chanzo, orodhesha njia zote, pima kila njia, shauriana na wahusika, chagua na utekeleze, kisha tathmini. Hazikutungwa Ngara, na aliyezitunga sidhani kama aliwahi kukanyaga vumbi letu. Akina mama walizishika upesi kwa sababu walilelewa kwenye katekisimu, na kukariri kwao si kazi. Mimi nikajiona mwalimu hodari.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, umri wa kunizaa, kiongozi wa kikundi cha kitalu cha miti. Kambi zilikuwa zimemaliza kuni vilima vyote, sasa shirika letu likaahidi kununua miche ya kupanda upya. Yeye na wenzake wakajaza udongo viriba maelfu, vile vifuko vya kuoteshea miche, wakavipanga chini ya kivuli cha nyasi, wakawa wanamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya chemchemi ya kijiji. Miche ile ndiyo ilikuwa tegemeo lao lote mwaka ule, kwa sababu mashamba yao mengine yalikuwa yamegeuzwa njia za malori.

Siku ya pili ya semina kila mshiriki aliandika tatizo lake kwenye kadi na kulibandika ukutani. Wengi waliandika wanachojua kinapendwa: elimu ndogo, mtaji mdogo. Yeye aliandika kwamba maboza yanakausha chemchemi. Na kweli yalikuwa yanaikausha. Malori hayo ya matangi yalikuja tangu alfajiri, yanashusha pampu, yanavuta maji ya kupeleka kambini, na kiangazi kilipokolea, kilichobaki kwa wenyeji ni tope la kukwangua kwa bakuli.

Mwezeshaji mwenzangu aliyetoka Dar es Salaam alinikonyeza. Tulikuwa na karatasi nyingine, tumeitundika nyuma ya darasa, ya matatizo yaliyo nje ya uwezo wa washiriki. Nikaibandua kadi ya mama nikaipeleka huko. Akauliza kwa nini. Nikamjibu kwa sauti ya ualimu kwamba tatizo la biashara lazima liwe lile ambalo mwenye biashara anaweza kulitatua mwenyewe, basi aandike jingine. Akaandika kuwa nyasi za kufunika miche hazitoshi. Tukampigia makofi, Mungu anisamehe. Tulipofunga semina tulikunja karatasi zote tukaenda nazo, isipokuwa ile ya nyuma.

Wiki zilizofuata nilikuwa nasikia habari zake. Alikwenda kwa miguu hadi kambini kuomba maboza yapunguze safari, akaishia getini. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye alimwambia hayo ni mambo ya wakubwa. Halafu akanifuata mimi nyumbani Nyamiaga, jua kali, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Miche ilikuwa imeanza kunyauka. Mke wangu akamkaribisha uji. Mimi nikakunja nne kwenye kiti changu nikamwambia arudi kwenye daftari lake, afuate hatua, jibu atalipata mwenyewe. Ndivyo nilivyofundishwa kusema. Nilimtoa mtu mzima nyumbani kwangu kwa maneno ya semina.

Akafuata hatua. Maboza yalipita njia moja tu kuifikia chemchemi, mahali penye mteremko kati ya mwamba na korongo. Asubuhi moja, watu wote wakiona, yeye na wanawake wanane wakashika majembe wakaichimba njia ile kutoka mwamba hadi korongo, mtaro wa kina cha kiuno. Boza la kwanza likafika likasimama. La pili likasimama nyuma yake. Siku hiyo chemchemi ilipumzika, na jioni akina mama wakachota maji safi wakamwagilia miche yao.

Sisemi kwamba hakuna aliyeumia. Kambini kuna sehemu ilishinda bila maji siku nzima, na wale nao walikuwa watu wenye watoto. Lakini hilo halikuwa kosa la mwanamke mwenye jembe. Pampu ya kambi ya kuvuta maji mtoni ilikuwa imeharibika muda mrefu, na kila mkubwa alijua, ila boza lilikuwa rahisi kuliko kutengeneza pampu.

Kesho yake niliitwa ofisi ya kata. Mtendaji alikuwepo, bosi wangu alikuwepo, na polisi wawili. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na daftari lake mapajani. Alipoulizwa nani kamtuma, alisema hajatumwa na mtu, amefuata somo, akaanza kuzitaja hatua moja moja, hakuruka hata moja. Wanafunzi wangu wote wa miaka sita, hakuna aliyewahi kunielewa namna ile. Bosi akanigeukia, akaniuliza kama kuchimba barabara ndiko tunakofundisha.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nilikuwa nimeshaanza kuezeka nyumba ya bati. Nikamruka kimanga.

"Hapana," nikasema. "Huyu mama hakuelewa somo."

Alinitazama tu, kisha akalitazama daftari, kama mtoto aliyewekewa mkasi wa kosa kwenye hesabu aliyokuwa na hakika nayo. Wakamchukua kituoni, akalala siku tano. Mtaro ukafukiwa siku hiyohiyo, na waliokodiwa kuufukia walikuwa watu wa kijiji chake. Wawili kati yao walikuwa wamekaa naye kwenye semina yangu. Mimi mkataba nikaongezewa.

Niliposikia ametoka nikaenda kumwona. Sijui nilitaka nini, pengine anitukane nipate nafuu. Chini ya kile kivuli cha nyasi viriba vilikuwa bado vimenyooka mistari, na kila kimoja kilikuwa na kijiti kikavu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba vizuri kabisa, akanitolea kigoda, akaingia ndani akarudi na daftari.

"Mwalimu," akasema, "nilikosea hatua ipi?"

Nilimwangalia usoni nikitafuta kebehi, sikuiona. Hakuwa ananisuta. Alikuwa amekaa siku tano kituoni akiupitia ule mtaro kichwani, na ametoka na neno moja tu la kumuuliza mtu aliyemwamini. Hapo ndipo ningeweza kusema. Hapakuwa na bosi wala polisi, tulikuwa wawili na miche iliyokufa.

"Ya tano," nikasema. "Hukushauriana na wahusika."

Nikaona anahesabu vidole polepole, wale aliowaendea: kambini, kwa mwenyekiti, kwangu. Vidole vitatu. Akakitazama cha nne muda mrefu, akimtafuta mtu aliyemsahau.

"Kumbe," akasema.

Akalilaza daftari gotini, akaandika nilivyomwambia, akanishukuru kwa kutoka mbali.