Mbili Maua Juu ya Moja Bila Turufu

Kwanza niandike mazuri yake, nisije nikawa mwongo. Yule muuza spea hachungulii karata za mtu. Mvua ikinyesha anakupa kiti cha ndani. Brij, huu mchezo wetu wa karata, anaijua kunishinda, na sijui kama nitamfikia. Baada ya kuandika hayo, naandika pia kwamba mwaka mzima nilitamani kumwona ameaibika, mchana kweupe, watu wakitazama.

Tunacheza wanne, Jumamosi alasiri, kwenye baraza ya mwalimu mmoja mstaafu hapa mtaa wa Oli. Mwalimu na muuza spea upande mmoja. Upande wa pili mimi na shemeji yangu, mjane wa kaka, anayekuja kutoka Koboko na karanga zake za sokoni. Muuza spea akipata karata nzuri anaita, "Moja bila turufu." Maana yake ana nguvu kila rangi na hahitaji rangi yoyote iwe bwana wa nyingine. Akishaita hivyo, mimi naita pasi, yaani sina la kusema. Shemeji naye pasi.

Sasa mimi ni fundi cherehani. Hapo ndipo alipopata la kuchekea.

"Fundi, leo tena umekuja na pasi? Makaa iko ndani kweli?"

Watu wa barazani walicheka. Siku ya kwanza hata mimi nilicheka, nakubali. Lakini jina likanifuata mpaka dukani, Mzee Pasi, na shemeji, mwanamke aliyelea watoto sita peke yake, wakamwita Mama Pasi. La kwangu ningelisamehe, nadhani. La shemeji hapana.

Mwalimu, ingawa ndiye mwenzake muuza spea, aliniazima kitabu kisicho na jalada. Niliishia darasa la saba na Kiingereza chake kilinichosha, ila ukurasa mmoja niliurudia mpaka ukaingia. Mpinzani akiita moja bila turufu, wewe unaita mbili maua. Maua yenyewe pengine huna. Unamwambia mwenzako: nina kopa nyingi na shupaza nyingi, zile rangi mbili kubwa, chagua moja. Akisahau akakuachia maua, mmekwisha.

Nikaenda Koboko siku mbili. Tulifanya mazoezi uani kwake, karanga zimeanikwa pembeni. Alisahau mara tatu. Mara ya nne akasema, "Shemeji, sisahau tena. Ule mutu nataka kumuona amenyamaza."

Jumamosi ikafika. "Moja bila turufu," akaita, na midomo yake tayari inacheka. Nilikuwa na shupaza tano na kopa tano.

"Mbili maua," nikasema.

Akashtuka. Sheria inampa haki ya kumuuliza mwenzangu maana yake, na mwenzangu lazima aseme kweli.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Iko na mbili kubwa," shemeji akajibu.

"Kubwa mbili tu? Mimi niko nazo sita!"

Nikajua hapo hapo. Shemeji alisema rangi kubwa, muuza spea akasikia karata kubwa, kama as na mfalme. Shemeji alipoita mbili shupaza, muuza spea akapiga dabo: tukishindwa, adhabu mara mbili, tukifaulu, na sisi tunazidishiwa. Wengine wote tukaita pasi.

Kabla karata ya kwanza haijashuka, maelezo ya mwenzako yakiwa na kasoro unatakiwa kuyanyoosha. Lakini shemeji alikosea nini? Si masikio ya muuza spea mwenyewe? Nilijitetea hivyo, na naandika kwamba niliona utamu. Ameshika karata ya kuanzia, bado kuishusha tu. Kisha nikaona kwamba nikinyamaza atakuwa na mlango wa kutokea. Atasema tulimdanganya, na atakuwa na haki. Mimi nilitaka asiwe na mlango hata mmoja.

"Ngoja," nikasema. "Kubwa ni rangi. Nina kopa na shupaza."

Mwalimu akamwambia, "Ukitaka, ondoa dabo yako."

Akawatazama watu. "Niiondoe kwa sababu ya fundi? Dabo inakaa."

Ikakaa. Mbili shupaza ni ahadi ya mizunguko minane kati ya kumi na mitatu, shemeji akachukua tisa. Alicheza polepole, polepole kuliko ilivyohitajika, nami sikumharakisha. Muuza spea alitazama meza mpaka mwisho bila neno. Nilitamani kumtupia neno moja la pasi, nikaishia kukusanya karata.

Jioni ile ile nikasikia anasema kwamba yale marekebisho niliyanong'ona, hakusikia vizuri. Ikaniingia. Nilipomsindikiza shemeji kwenye gari la Koboko nikamuuliza, "Nilisema kwa sauti?"

"Yeye alikaa ubavuni kwako, mimi ngʼambo ya meza. Mimi nilisikia." Akaweka mzigo wake. "Jumamosi utamuambia tena hivyo hivyo?"

"Nitamwambia."

"Basi sema kwa nguvu. Nataka hata watu ya barabarani wasikie, halafu tumupige."