Malipo ya Shangazi Yaliyofika Makunduchi

Asubuhi ile nilitumwa mkate. Shangazi alinipa senti za boflo, nikatoka Kikwajuni na kandambili zangu, na nilipofika Darajani nikalikuta gari la shamba linapakia watu wa kusini. Utingo alikuwa akiita Makunduchi. Nikapanda. Mfukoni nilikuwa na barua ya benki niliyokuwa nikizunguka nayo kwa siku ya nne, na zile senti za mkate zilitosha nauli ya kwendea tu.

Ndivyo nilivyokuwa ujanani. Skuli niliiacha darasa la sita, kwa kuwa sikuweza kukaa mahali pamoja nikatazama ukuta mmoja. Nilishapakua mizigo Malindi, nilishauza kahawa Jang'ombe, nilishavuka kwenda Mombasa kwa sababu tu mtu mmoja aliniambia kuna daraja linaloelea juu ya maji. Kila nilipochoka kupotea nilirudi kwa shangazi, dada yake baba. Hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi. Aliniuliza kama nimekula.

Nyumba yake ilikuwa vyumba vitatu na ukumbi. Mumewe alipofariki aliiacha na paa la makuti linalovuja, na miaka michache baada ya Mapinduzi shangazi aliiweka rehani benki apate pesa za mabati. Walikubaliana azilipe kwa miezi thelathini na sita, kisha arudishiwe hati yake. Alizilipa kwa kushona kofia. Mwezi ukiandama, kesho yake hujitanda buibui akaenda benki mwenyewe, na kama benki imefungwa, huenda siku inayofuata. Kalenda nyengine hakuwa nayo. Stakabadhi alizifunga pamoja kwa uzi wa kushonea kofia, akazitia ndani ya kasha.

Alipomaliza, badala ya hati ikaja barua. Ilisema umebaki mwezi mmoja haukulipwa, na usipolipwa pamoja na nyongeza yake kabla ya mwisho wa mwezi, nyumba itatiwa mnadani.

"Soma tena," aliniambia.

Nikasoma tena.

"Wao ndio walionisahau, au mimi ndiye niliyewasahau?"

Tukazifungua stakabadhi, tukahesabu thelathini na sita. Akahesabu tena peke yake, kidole juu ya kila karatasi, maana alikuwa tayari kuiamini benki kuliko kujiamini mwenyewe. Wiki ile hakukaa barazani. Alishona ndani, gizani, akiona jirani watasema amekula mali ya watu. Ilikuwa ndiyo nyumba aliyoingia bibi harusi, na tangu siku hiyo hakuwahi kulala nyengine. Baraza tupu lile liliniuma kuliko barua.

Nikazichukua stakabadhi nikaenda benki. Karani niliyemkuta tulisoma naye chuoni, Kurani kwa mwalimu mmoja, tukala fimbo moja.

"Umerudi? Nlisikia umeshahamia Mombasa."

"Nshakwenda, nsharudi. Nifungulie kitabu cha shangazi."

Akafungua kitabu kikubwa kama mlango. Akashusha kidole, akapandisha, akasimama. Mwezi mmoja wa mwaka wa pili ulikuwa na malipo mawili ya jina lile, moja tarehe mbili, la pili tarehe thelathini na moja.

"Nani analipa mara mbili mwezi mmoja?" akaniuliza.

"Hakulipa mara mbili. Analipa mwezi ukiandama."

Akahesabu siku baina ya malipo yale: ishirini na tisa. Kisha akacheka, kiganja juu ya mdomo, asisikilikane na mkuu wake. "Na mimi nafunga kwa mwezi huohuo, nafuturu kwa mwezi huohuo. Nikishaingia humu ndani nausahau."

Akanieleza alivyofanya. Kulikuwa na bibi mwengine wa Makunduchi aliyekopa kwa ajili ya nyumba, jina lake, la baba yake na la babu yake sawasawa na ya shangazi, na mwezi ule bibi huyo hakuwa amelipa. Karani akaona hapana budi malipo ya pili ni ya huyo wa shamba. Akayaandika kwenye ukurasa wake.

"Basi yafute."

"Hufutwa. Lakini lazima mwenye ukurasa aseme hii si yangu, na atie dole, na shahidi mmoja. Tukimpelekea kwa posta mwezi utakwisha." Akaiandika barua palepale, akanipa. "Weye si ndiye unayependa kutembea?"

Nilipenda, lakini siku tatu sikwenda. Niliogopa. Mtu aliyepewa mwezi mzima bure, kwa nini aurudishe?

Makunduchi walinielekeza pwani. Nilimkuta bibi mmoja amekaa mchangani akitwanga makumbi ya nazi yaliyooza, apate nyuzi za kusokotea kamba, na jirani yake kando anasokota. Alizungumza lugha ya kwao; hapa naandika nilivyoelewa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mgeni wa nani?"

"Natoka mjini. Nimetumwa na benki."

Gongo la kutwangia likabaki hewani. "Una habari zake?"

"Za nani?"

"Za mwanangu."

Jirani akaniondoshea kifurushi cha kamba nikakaa. Bibi akanisimulia kwamba alikopa ili mwanawe amjengee nyumba ya mawe, kisha mwanawe akavuka kwenda Mrima, upande wa bara, kutafuta kazi. Kwa mwaka mzima hakuleta hata salamu. Yeye akashindwa mwezi mmoja, akawa anangoja kufukuzwa, na mwisho wa mwaka ikaja karatasi ya benki. Mwalimu wa skuli alimsomea. Ule mwezi alioshindwa ulikuwa umelipwa.

"Nikajua yu hai. Nani mwengine wa kunilipia? Tangu siku ile sijaruka hata mwezi mmoja. Nisokote usiku, nisokote mchana, akirudi aikute nyumba ni yetu."

Nilitazama maji. Ningeweza kusema nimepotea njia. Ningeweza kuinuka nikaenda zangu, kazi hiyo nilikuwa naijua vizuri. Lakini nililiona baraza la Kikwajuni halina mtu. Nikamwambia yote, kuandama kwa mwezi, tarehe mbili na tarehe thelathini na moja, majina matatu sawasawa.

Alisikiliza huku anatwanga polepole.

"Kwa hivyo si yeye."

"Si yeye, Bi."

Akatwanga tena kidogo. "Huyo shangazi yako ana watoto?"

"Hana. Ana mimi."

"Na anajua kama uko huku?"

"Hajui. Alinituma boflo."

Jirani akacheka mpaka kamba ikamtoka mkononi, na bibi naye akatabasamu, kwa shida. "Wote nyinyi mmoja," akasema.

Wino nilikuwa sikuchukua. Tulikwenda nyumbani kwake, akakwangua masizi ya chungu, akayachanganya na mafuta ya nazi, akatia dole gumba na kulikandamiza karatasini muda mrefu, kama anayeziba tundu. Jirani akatia lake chini yake. Kwa madole mawili yale hati ya shangazi ilitoka kabla ya mwezi kwisha.

"Mwambie karani wako huo mwezi wangu nitaulipa," alisema. "Nshazowea."

Gari la kurudi lilikuwa la alfajiri, na nauli sina. Hakuniuliza. Alinifungulia chumba cha uani, na ndani mlikuwa na kitanda cha kamba mpya, ngumu, zinazonukia pwani. Alikisuka upya kila mwaka, jirani aliniambia baadaye, na hakikuwahi kulaliwa.

"Kilalie," alisema, akikung'uta shuka. "Kamba zisipolaliwa hazinyooki."

Nikakaa ukingoni kwa adabu. Akatoka uani kukuna nazi, kisha akarudi mlangoni, mbuzi mkononi.

"Kesho ukifika kwake, usianze na karatasi. Yule hajui uko wapi tangu asubuhi. Mwambie kwanza umekula."