Mjafari wa Shangazi na Solo ya Jumapili

"Mama, hiyo si uganga. Ni mzizi tu, unatafunwa kama muwa." Nilimjibu hivyo na sauti inakwaruza kama bati, maana alikuwa amesimama hapo jikoni akisema dawa isiyojulikana kipimo si dawa, ni kubahatisha.

Kubahatisha nilikuwa tayari. Sauti ilinipotea Jumatano, na Jumapili baada ya ibada mwalimu wa kwaya angechagua nani ataimba solo kwa mashindano. Hiyo solo nimeitaka tangu Form Two. Kwa hivyo shangazi aliposhuka Voi kutoka Rukanga na kipande cha mzizi wa mjafari, ule mti wa miiba, nilikipokea kwa mikono miwili.

Alinipa sharti moja. Mzizi ukiwa mdomoni, hakuna kuongea, hata kunong'ona. "Ukifungua mdomo umeiharibu," akasema. "Na vile nakujua wewe."

Mama akacheka. "Basi dawa imeshindwa kabla ianze."

Nikatafuna. Uchungu! Ulimi ukafa ganzi, mate yakajaa, na nikiutema shangazi ananikatia kipande kingine. Alhamisi na Ijumaa zote nilikuwa naonyesha vitu na kidole. Dada yangu mdogo akaniita bubu wa kwaya, na sikuweza hata kumrudishia.

Jumamosi mchana nikajaribu noti ya chini. Ikatoka! Nikapanda, ikapanda nami, ikakatika tu kule juu kabisa. Nikaruka nikimshika shangazi, naye akamwangalia mama kama mtu ameshinda kesi.

"Umenyamaza siku mbili, mwanangu," mama akasema. "Sauti imepumzika. Hata mimi nimepumzika."

Niliudhika, lakini swali likanikaa. Nikamuuliza shangazi kama kuna mtu amewahi kutafuna huku anaongea, akapona.

"Sijui," akasema. "Kwetu hakuna amewahi kujaribu."

Yaani miaka hiyo yote hakuna anayejua ni mzizi ama ni kunyamaza! Na siwezi kwenda mbele ya mwalimu na ulimi wa ganzi, maneno yatateleza.

Nikaamua: kesho asubuhi mzizi unabaki kwa kikombe, na mimi sitoi neno, hata shikamoo, mpaka mwalimu aniite. Mama atanisalimia watu.