Chumba cha Mafuriko

Mwongozaji wa makumbusho ya mji ule wa mwisho kusini hakujua kutulia. Alinyoosha vibao vilivyonyooka tayari, akafuta vioo kwa mkono wa shati, akazungumza huku keshatangulia chumba kingine. Kwenye chumba cha mafuriko alisimama mlangoni, akakipa mgongo.

“Ingia tu, dada. Mimi nipo hapa.”

Ndani mlikuwa na picha moja kubwa ya mtaa, iliyopigwa asubuhi kabla maji hayajaufagia. Nilipotoka akanidaka kwa swali.

“Gauni kwenye kamba bado linaonekana? Wanasema picha inafifia.”

“Kwa shida, lakini lipo. La njano.”

“La mama hilo,” alisema. “Miaka kumi na tisa nipo hapa, sijathubutu kuliangalia.”

Akavuta pumzi, akaniomba niingie naye.