Chupa ya Bibi Smaranda

Bibi Smaranda ndiye mwalika harusi wetu. Huzunguka mji na chupa ya pombe ya plamu. Ukipiga funda, umealikwa. Wanyonyadamu, viumbe wa usiku wanaoungua juani, wanatutawala, barabara ni zao, kodi ni damu yetu, lakini kizingiti hawakivuki bila mwaliko.

Jana magharibi mtawala mwenyewe, Mtukufu Razvan, alimzuia njiani. "Bibi, miaka mia mbili nasikia ngoma zenu nikiwa nje kwenye theluji! Nami nionjeshe."

Bibi akaipindua chupa. Tupu.

"Ungewahi, baba! Saa sita mchana, jua linawaka, ilikuwa imejaa pomoni."

Mtaa mzima ukaangua kicheko.

Ndiyo maana hapa kwetu hatuchoki kuoana: kila harusi ni usiku mwingine wa kuwaacha watawala wetu nje. Mimi na mume wangu tumeshafunga ndoa mara nne, na Jumamosi tunafunga tena.